Msemaji Aliyekwenda Kuomba Jiwe

Ukimkaribisha kiti alisema oya. Ukimpa chai, oya. Ukimwambia mvua inakuja, aingie ndani, oya, na huku mabega yake yameshaanza kulowa. Sisi tuliokulia mtaa ule wa Nyakabanda, Kigali, tulilizoea neno hilo lake la kukataa kama tulivyozoea mlio wa geti lake, na tulijua kwamba baada ya muda mfupi angekuwa amekaa kwenye kiti kilekile, kikombe mkononi, akiuliza kama kwetu sukari imekwisha. Mama yangu hakumsikiliza hata kidogo. Alimimina chai mzee akiwa bado anakataa.

Mtaa mzima ulimwita Msemaji. Siku za kazi alikata vioo kwenye kibanda chake Kimisagara. Jumamosi alivaa koti la kijivu na kwenda kuzisemea familia za watu kwenye gusaba, siku ambayo ukoo wa mvulana unakwenda kwa ukoo wa msichana kumwomba. Pande mbili hukaa zikitazamana chini ya maturubai, kila upande na mzee wake wa kusema, na wazee hao hubishana kwa saa nyingi juu ya jambo ambalo watu wote pale wameshakubaliana. Upande wa msichana unakataa. Hatuwajui ninyi. Msichana amesafiri. Msichana ameshachumbiwa na watu wenye ng'ombe wazuri kuliko wenu. Upande wa mvulana unabembeleza, unatania, unajibu kila shutuma, mpaka ndiyo inatoka, na watu wanapiga makofi kana kwamba walikuwa na shaka.

Msemaji alikuwa hodari wa pande zote mbili. Akiwa upande wa kuomba alijinyenyekeza mpaka akina mama wakamwonea huruma. Akiwa upande wa kukataa alikuwa mwiba. Nilimwona akimwuliza mzee wa watu, profesa mwenye nywele nyeupe, kama ukoo wao unajua kunawa mikono, na profesa akacheka mpaka akavua miwani. Mambo aliyoyasema Jumamosi juu ya ng'ombe, mashamba na mababu yalikuwa uongo mtupu, na kila mtu alijua. Lakini Jumatatu hakuweza kumuuzia mteja kioo chenye povu dogo la hewa kwenye pembe. Angemwonyesha lile povu, kisha angemwambia aende kibanda cha jirani.

Akikata kioo hakusema neno. Alilaza kipande kwenye blanketi, akaweka rula, akashusha kile kikatio chenye ncha ya almasi na kukivuta kwake mara moja tu, pumzi imezuiliwa. Wateja wapya walidhani ni bubu. Nilimwuliza siku moja kwa nini mtu mwenye maneno mengi hivyo anafanya kazi ya ukimya.

"Kioo haina utani," alisema. "Ukiicheka inapasuka."

Mimi ni mtu wa kufikiria mambo mpaka yanachacha. Ujumbe wa simu wa maneno matatu naweza kuuanza asubuhi na kuutuma jioni, kisha nikalala vibaya kwa sababu ya nukta niliyoisahau. Nilipomaliza chuo, shahada ya historia mkononi, nilituma maombi ya kazi kila mahali, na majibu yote yakawa yaleyale. Msemaji alinikuta uani nimeinamia simu.

"Iko nini?"

"Wamenikatalia tena, Mzee."

"Walisimama?"

"Nani?"

"Hao wenye wamekukatalia. Walisimama ama walibaki wamekaa?"

"Walituma imeili, Mzee."

"Ah," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Basi huwezi kujua."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kanuni yake. Mtu anayekataa kwa mdomo tu, alisema, hubaki amekaa. Anaweza kutukana ukoo wako mzima, lakini kama makalio yake yako kwenye kiti, endelea kuongea. Anayekataa kweli husimama. Usitazame uso, uso unajua kuigiza. Tazama miguu. Aliniambia hayo mara nyingi, na kwa kuwa mimi ndiye mimi, nilianza kutazama miguu ya watu kwenye mahojiano ya kazi, mpaka mama mmoja akaficha viatu vyake chini ya meza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mtaa haukulielewa. Mtu aliyewaombea wachumba vijana wa nusu ya wilaya ya Nyarugenge hakuwahi kuoa. Mama alimchokoza wazi.

"Na wewe tutakuombea lini, Mzee?"

"Oya. Nani atasema upande yangu? Mimi mwenyewe siwezi, najua ujanja yangu yote. Sitajiamini."

Mama alicheka. Niliwahi kusikia kwamba kulikuwa na mtu huko Bujumbura, alikokulia kabla ya kurudi Kigali. Niliandaa swali hilo kichwani mara nyingi, nikalipanga vizuri, na sikuliuliza kamwe.

Mwishowe nilipata kazi ya mkataba kwenye shirika dogo linaloshughulika na kumbukumbu za kale. Nilipomwambia Mama ni kazi ya mnara wa kumbukumbu, aliweka birika chini, kwa sababu hapa kwetu neno hilo lina maana moja kabla ya nyingine zote. Nikamweleza kuwa ni vita vya zamani, vile vya Wajerumani na Wabelgiji, zaidi ya miaka mia iliyopita, kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Kivu. Wanajeshi wa Kizungu walipandisha mizinga juu ya kilima cha kisiwa, adui zao wakaja kwa maboti, na mapigano ya mizinga yakapiganwa huku wenyeji wakiwa katikati. Msemaji alikuwa pale kwetu, na kikombe chake.

"Ah, ile," alisema. "Sikujua kama bado iko mtu anaikumbuka."

Walioikumbuka walikuwa watu wa kisiwa, na walikuwa wakigombana juu yake. Jiwe lilichongwa Kimisagara, karakana ya pili kutoka kwa Msemaji, likasafirishwa kwa lori na kwa boti, likashushwa ufukweni kwa sababu ndipo boti lilipofika. Hapo likakwama. Watu wa kilimani walisema jiwe ni la kusimama juu, mahali mizinga ilipokaa, na walikuwa wameshajenga msingi katikati ya mihogo. Babu zao ndio waliofungwa kamba kama ng'ombe ili wavute mizinga hiyo, na wengine walibaki chini ya magurudumu. Watu wa ufukweni walisema mizinga ilikaa juu lakini makombora yalianguka chini, kwenye nyumba zao. Nao walikuwa wamejenga msingi. Jiwe lilikaa miezi chini ya turubai, kando ya miti ya mikaratusi, na kuku walikuwa wameanza kutagia pale.

Wageni wa balozi mbili walikuwa wamealikwa kwa uzinduzi. Mkubwa wangu aliitisha mkutano, kisha mwingine. Kila mkutano uliisha kwa pande zote kukubaliana kwamba mkutano ulikuwa mzuri. Kama jiwe lisingesimama, mkataba wangu usingeongezwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumwambia Mama.

Nilimweleza Msemaji kibandani kwake. Alimaliza kukata kwanza.

"Mwenye anaomba ni nani?"

"Watu wa kilimani. Wanataka walipandishe."

"Na jiwe iko kwa nani?"

"Ufukweni."

"Basi hiyo ni gusaba. Iko msichana, iko kwao, iko watu wanamtaka. Munafanyia nini mikutano?"

Nilimwuliza kama angekuja. Alisema oya, na akaendelea kukaa kwenye kigoda chake, kwa hiyo nikanunua tiketi mbili za basi.

Siku ile watu wa kilimani walishuka wakiwa wamevaa vizuri, na vyungu vya pombe ya mtama kichwani, kama watu wanaokwenda kwa wakwe kweli. Ufukweni walikuwa wamepanga viti. Jiwe lilikuwa katikati, bado limefunikwa. Mzee aliyezoea kuusemea ufukwe alikuwa amefariki, kwa hiyo walimkalisha mama mmoja mnene muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa bei. Walisema Kinyarwanda, na maneno ya kisiwa hapa na pale. Ninaandika nilivyoyashika.

Msemaji alisimama na koti lake la kijivu, akasalimia, akakaa.

"Tumekuja kwa heshima," alianza. "Tumemwona msichana hapa kwenu. Amelala chini ya turubai. Hajibizani na watu, na uzito wake unaonyesha mnamlisha."

Pande zote zilicheka. Yule mama hakucheka.

"Huyo hatumjui. Ameshushwa na boti tu. Labda ni Mkongo."

"Hata kama hana vitambulisho, tutamchukua."

"Mvivu. Tangu aje hajashika ufagio."

"Kwetu wafagiaji wapo. Yeye atakaa tu, watu wamtazame."

"Mnanuka ng'ombe, ninyi."

"Na ninyi samaki, mama. Watoto wao watanukia vizuri."

Hata mimi nilisahau kuogopa. Yule mzee mkubwa wa kilimani, mrefu, mwenye fimbo, alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Nilitazama miguu ya mama wa sambaza. Ilikuwa imetulia, imepishana vifundoni, miguu ya mtu anayefurahia kazi yake.

"Na mtamweka wapi?" aliuliza.

"Juu kabisa," alisema Msemaji. "Pale kileleni. Aone ziwa lote, na sisi wote tukiinua macho tumwone yeye."

Mama wa sambaza alisimama.

"Juu," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo. "Mzee, wewe umetoka Kigali, sikulaumu. Kule juu ndiko moto ulikotoka. Waliomlea bibi yangu walikuwa wakitazama kule kwanza ndipo wachote maji. Mpaka leo mwanamke wa hapa akimtuma mtoto ziwani hutazama juu, na hata hajui anatafuta nini. Sasa mnataka tutazame juu tena, tena kwa heshima. Hapana."

"Sisi hatukumpiga mtu," mzee mrefu wa kilimani alisema kutoka kitini. "Walitupiga viboko ili tuvute."

"Najua," alisema mama. Bado alikuwa amesimama.

Msemaji alikuwa akitazama miguu ya mama huyo. Nilimwona akiitazama. Maisha yake yote alikuwa amepokea hapana za mchezo, na kila alipokwenda kuomba alirudi na ndiyo. Hapo ndipo jina lake lilipojengwa. Alisimama polepole, akavua kofia.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Basi msichana haondoki kwao. Kijana wetu ndiye atahama. Atakuja kuishi hapa, kwa wakwe. Atachota maji pamoja nanyi."

Hakuna aliyecheka. Labda msomaji wa kwingine hatauona uzito wa maneno hayo. Kwetu, mwanamume anayehamia kwa wazazi wa mke ana jina lake, na jina hilo watoto humwimbia njiani. Hakuna baba anayemtakia mwanawe hilo. Msemaji alikuwa amewavika jina hilo watu wote wa kilimani, hadharani, bila kuwauliza.

Mama wa sambaza alikaa. Mzee mrefu akainuka na kuokota fimbo yake.

"Tulikutuma utuletee," alimwambia Msemaji. "Hatukukutuma utupeleke."

Wakapanda kwao, mmoja nyuma ya mwingine. Vyungu vya pombe walijifanya hawavioni.

Jiwe lilisimama ufukweni siku ileile. Wageni wa balozi walikuja baadaye, wakaweka mashada, wakapiga picha, na mkataba wangu ukaongezwa. Kutoka kilimani hakuja mtu. Kwenye boti la kurudi nilimshukuru Msemaji kwa hotuba niliyokuwa nimeiandaa tangu asubuhi, nayo ilikuwa ndefu mno. Aliniacha nimalize.

"Nimetoa kijana ya watu," alisema, "na baba yake amekaa pale pale. Hiyo si kazi ya msemaji."

Baada ya hapo koti la kijivu halikuonekana tena Jumamosi. Habari zilifika Nyakabanda, sijui kwa njia gani, na vijana wa pikipiki wakawa na utani wao: mzee amekwenda kuoa, ameachwa ukweni. Yeye aliuchukulia kwa utulivu. Lakini watu walipokuja kumwomba awasemee, aliwapokea getini, amesimama, akawaambia oya, na hawakuwahi kuona kiti. Wachumba wakaanza kutumia vijana wenye maikrofoni na vichekesho vya kwenye simu. Kwetu bado alikuja mara chache. Mama alimimina chai wakati mzee anakataa, kama kawaida, na chai ikapoa.

Nilijilaumu, bila shaka, kwa mpangilio mzuri, sababu moja baada ya nyingine. Sikujua la kufanya na lawama hizo. Nilimpitia Kimisagara mara kwa mara nikiwa na vioo ambavyo sikuvihitaji, na chumba changu sasa kina vioo vinne.

Mwezi uliopita shirika lilinituma tena kisiwani, siku ya kukumbuka waliokufa pale. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Msemaji. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, kwenye kigoda, miguu katika kandambili, nywele zimekuwa nyeupe kuliko nilivyozizoea. Nilimwambia nina kitu cha kumwonyesha. Alisema oya. Nikachuchumaa kando yake, nikampa simu.

Aliishika mbali na macho, kama wazee wote. Video ilianza na njia tupu ya kilimani. Kisha akatokea mzee mrefu na fimbo yake, nyuma yake wanaume, wanawake wenye vikapu, na vyungu vya pombe ya mtama. Watu wa ufukweni waliokuwa wamekusanyika kwenye jiwe waligeuka. Hakuna aliyekuwa amewaalika, na hapo sauti ya video inakuwa pumzi yangu tu. Mzee alifika, akasimama mbele ya mama wa sambaza.

"Tumekuja kumwona kijana wetu," anasema kwenye video. "Yule aliyehamia kwa wakwe. Mnamlisha?"

"Anakula sana," anajibu mama. "Kazi hafanyi."

"Ndivyo alivyokuwa hata kwetu."

Kisha kicheko, simu ikatikisika, na kinachoonekana mwishoni ni mikono inayopokezana chungu mbele ya jiwe.

Msemaji alirudisha mwanzo, akaitazama tena. Mara ya tatu hakutazama picha, alisikiliza tu, simu imewekwa sikioni kama redio.

"Huyu mzee," alisema hatimaye, "anachelewa kidogo. Hapo kwa 'mnamlisha' angengoja watu wanyamaze."

Nilikuwa na jambo la pili, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya basi njia nzima kutoka ziwani, kwa sauti ya chini, mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Kuna kijana, fundi umeme, anatoka upande wa Sonatubes. Watu wao wanataka kuja kuniomba. Baba yangu hayupo. Baba mdogo angeweza kusema, lakini baba mdogo hulia kwenye shughuli. Nilimwambia Msemaji yote hayo kwa mpangilio mbaya, nikaanza na fundi umeme na kumalizia na kilio cha baba mdogo, na katikati nikamwuliza kama angekubali kukaa upande wetu na kuwakatalia watu wale kwa niaba yetu.

"Oya," alisema.

Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imelala ndani ya zile kandambili, haina habari. Nikaanza kupumua.

Kisha ikajikusanya. Alishika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja, akajivuta, akasimama.

Moyo wangu ulishuka mpaka mahali ambapo umeshazoea kushukia. Nikainuka na mimi, nikaanza kuomba radhi, kwamba haina shida, kwamba nilikuwa nauliza tu, kwamba kweli wako vijana wazuri wenye maikrofoni. Msemaji alikuwa amekunja uso, anajipapasa goti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, bila kunitazama, alikuwa akinionyesha kiti kilichokuwa ndani ya mlango.

"Ni goti tu, inakamata nikikaa sana," alisema. "Kaa chini, mwanangu. Bado sijamaliza kukukatalia."